Katoni ya Katikati

Raya wangu,

Kama unasoma hii, basi umeshafika Magomeni kwa bibi yako, umeoga, umelishwa mpaka unapumua kwa shida, na umefungua katoni namba mbili. Sikutaka kuiweka barua katika namba moja. Namba moja ina chokoleti, na ninakujua: ungeisoma huku unatafuna, ukacheka, ukaiweka kando. Namba tatu ina viatu vya wajomba zako, hiyo ungewaachia wafungue wenyewe. Nimeiweka katika katoni ya katikati, chini ya mashuka ya bibi, na sababu yake nitakwambia humu humu.

Leo ni Ijumaa, saa tisa alasiri. Ndege yako ya kutoka huku China kwenda Dar ni kesho. Wewe umeshuka mtaa wa Dengfeng kuagana na rafiki zako, na kununua ile mikate ya ufuta unayodai kwamba Dar nzima haipo. Mume wangu yuko jikoni anakaanga samaki.

Ngoja niliandike tena, maana napenda linavyokaa kwenye karatasi. Mume wangu yuko jikoni anakaanga samaki! Miezi mitatu sasa, na bado nikilitamka hilo neno najiona kama mtoto anayetembea na viatu vya sikukuu ndani ya nyumba. Tena anaimba. Sauti yake ni mbaya, wewe mwenyewe ulisema inafanana na gundi ya katoni inapovutwa, lakini mimi nikiisikia naacha kalamu nasikiliza. Miaka arobaini na tatu ninayo, na ninasikiliza mtu akikaanga samaki!

Habari za kukuagiza ufanye hiki usifanye kile, Athman, huyo unayemwita Baba Katoni, amezimaliza. Ameandika orodha ya mambo kumi na tisa, ameibandika ndani ya kifuniko cha begi lako kwa gundi ya kazini kwake, haitabanduka mpaka kiama. Dawa ziko wapi, barua ya daktari iko wapi, maji ya bomba usinywe. La kumi na mbili limeandikwa hivi: "Usimuazime mtu chaja." Basi mimi nimebaki na yale yasiyokaa kwenye orodha.

Nataka kukuandikia kuhusu bomba la bafuni.

Jumapili ya wiki mbili zilizopita, mimi na Athman tulikuwa sebuleni tunaangalia picha za harusi yetu, pengine kwa mara ya hamsini. Tulikuwa tumefika kwenye ile ambayo umenishika kidevu unanipaka wanja na kunigombeza. "Mama, usicheke hivyo, wewe ni bibi harusi, jifanye una haya!" Tulikuwa tunacheka tena, na katikati ya kicheko nikasikia maji yanatiririka bafuni. Yakatiririka. Yakaendelea. Nyumba hii nimekaa miaka kumi, Raya. Ninaijua sauti ya mtu anayeoga, na ninaijua sauti ya mtu aliyefungulia maji ili asisikike.

Nikagonga mlango.

"Nafua soksi, mama."

"Soksi ngapi?"

Ukafunga bomba. Kisha ukafungua, macho mekundu, mkononi huna hata soksi moja. Nikakushika. Na ukasema maneno ambayo nimetembea nayo siku kumi na mbili, sokoni na nyumbani: "Sikutaka kukuharibia, mama. Umefurahi mno. Sijawahi kukuona hivi."

Tuliongea, unakumbuka. Ilikuwa siku mbaya tu, ukasema, na kweli ilipita, Jumatatu ukampigia daktari wako na Jumanne ukanishinda karata mara tano ukanicheka. Hilo halinisumbui. Siku mbaya zitakuja, daktari alishatuambia zitakuja. Kinachonisumbua ni zile soksi. Kwamba furaha yangu mimi ndiyo iliyokufungia mlango. Hiyo ndiyo imenikalisha hapa mezani, huku nguo zako hazijamalizika kukunjwa.

Kwa sababu bomba hilo lilishatiririka mara ya kwanza, mwaka juzi, msimu wa baridi, na mara hiyo mimi nilifeli. Hatujawahi kuongea vizuri habari ya siku ile. Sasa nakuandikia yote, hata sehemu yangu mbaya.

Siku ile nilitoka Xintang. Nilikuwa nimenunua jinzi, katoni arobaini. Laobani, yaani mwenye kiwanda, yule mama mcheshi mwenye jino la dhahabu, alinifungulia katoni tatu za juu mbele ya macho yangu. Jinzi safi, mshono umenyooka, zipu inapanda na kushuka bila kukwama. Nikanywa chai yake, nikasaini, mzigo ukaja ghalani kwa wasafirishaji. Na pale ghalani nikamkuta mwanaume mrefu, kofia ya viua kichwani, kalamu sikioni, na kisu cha kukatia katoni mkononi.

"Dadangu, hizi umezifungua?"

"Nimezifungua."

"Za juu?"

"Nimezifungua, kaka. Pakia."

"Na hii ya katikati je?"

"Wewe ni mpakiaji au ni polisi? Mimi nina miaka minane kwenye kazi hii."

"Na mie nna kumi na mitatu ya kupigiwa simu na watu waliao bandarini," akasema, taratibu kabisa, kama anayebembeleza mtoto. "Kila mtu hufungua ya juu, dadangu. Na mwenye kiwanda ajua kuwa kila mtu hufungua ya juu. Basi ya juu huwa nzuri sikuzote."

Akaivuta ya katikati, akaikata. Suruali ya kwanza haikuwa na zipu. Ya pili, mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa kiganja kizima. Tukafungua nyingine, na nyingine. Nikamwambia ahsante kwa sauti ya mtu anayetukana, nikaondoka nikaja nyumbani kulia peke yangu.

Ilikuwa saa nane mchana na wewe ulipaswa kuwa shuleni. Nikasikia bomba. Nikakukuta sakafuni bafuni na sare yako, umekumbatia magoti, maji yanamwagika kwenye ndoo iliyokwisha jaa. Kumbuka kwamba miezi yote ile nilikuwa nakuuliza kila asubuhi maswali matatu: umekula, umesali, umesoma? Nawe ulinipa ndiyo tatu. Mimi nikachukua ndiyo zangu nikaenda nazo sokoni, nimeridhika, kama nilivyoridhika na zile katoni za juu.

Nikakuangalia pale chini, mwanangu, na maneno yaliyonitoka yalikuwa haya: "Mimi nimeharibikiwa na mzigo mzima, wewe unalia nini?"

Ukafuta uso. "Silii, mama. Nimeteleza."

Nikakubali. Nilikubali kwa kuwa nilitaka kukubali. Nikaleta dawa ya kuchua, nikakuchua goti ambalo halikuwa na kitu, na wewe ukalinyoosha ukaniacha nichue. Nikikumbuka hilo goti hadi leo najisikia vibaya. Mtoto wa miaka kumi na saba anamtunza mama yake kwa kujifanya goti linamuuma.

Baadaye nikasema ni simu, nikakunyang'anya simu. Nikasema ni uvivu, nikakuamsha alfajiri twende soko la Shahe ukanibebee mifuko ya blauzi, nawe ukabeba, hukusema neno, hukuwa hata na hasira, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Nikampigia yule shehe wetu wa Magomeni akusomee dua kwenye video. Dua sikatai, ninaiomba mpaka leo. Lakini nitakwambia ukweli, niliikimbilia ile dua ili nisikuulize. Kumwachia Mungu ni jambo zuri, ila mimi nilikuwa namwachia Mungu kazi niliyopewa mimi.

Ni Athman, yule yule wa ghalani, aliyenitoa huko, naye hakujua. Alikubali kunisindikiza Xintang kugombana na yule laobani abadilishe mzigo, na alibadilisha, Athman hapigi kelele, anasimama tu mlangoni na suruali yenye mguu mfupi mpaka wateja wengine waanze kuuliza. Tukirudi na treni nikawa na furaha, nikaanza kumchekesha na habari zako. Nikasema nina binti mvivu, analala kama amelipwa kulala. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Tukapita stesheni moja, ya pili, ya tatu.

Kisha akasema, "Mie mwaka wangu wa kwanza mji huu nililala siku arobaini. Si kwa usingizi. Mwenzangu wa chumbani aniletea wali, nautia kwenye mfuko, nautupa. Na kila jioni nanawa uso, nampigia mamangu Mombasa, namwambia mambo barabara."

"Hakujua?"

"Angeuliza mara ya pili ningemwambia. Aliuliza mara moja tu, masikini. Nami nilikuwa na jibu la mara moja."

Raya, watu hupendana ufukweni, hupendana kwenye harusi za wenzao, wengine hupendana kwa simu. Mimi nilimpenda mume wangu kwenye treni ya chini ya ardhi, watu wametubana huku na huku, yeye ameshikilia kile kishikio cha juu kwa mkono mmoja na suruali mbovu kwa mkono wa pili, anazungumza habari ya siku zake za giza bila kuona aibu hata kidogo. Nilikuwa sijawahi kumsikia mwanaume akizungumza hivyo. Nilitamani treni isifike. Na hapo hapo nilitamani ifike haraka, kwa sababu ghafla nilijua ni nani nyumbani kwangu sijamuuliza mara ya pili.

Nikaja nikakukuta kitandani.

"Umekula?"

"Ndiyo."

"Nini?"

"Wali."

"Wali wa lini? Mimi sijapika wali tangu juzi."

Ukageukia ukuta. Nikapanda kitandani na viatu vyangu, nikalala nyuma yako, nikauliza tena, nikauliza tena, mpaka nikasikia sauti ndogo inasema, "Mama, nimechoka kuwa mimi." Nikakukumbatia kwa nyuma. Nashukuru sikuwa na jibu, maana ningelikuwa nalo ningelitoa.

Halafu ndiyo ikaja hospitali, na hapa nataka ucheke kwa sababu mimi mpaka leo nacheka nikiwa peke yangu kwenye lifti.

Yule daktari mama mtu mzima, chupa yake ya chai mezani, hajui neno la Kiswahili. Mimi Kichina changu ni cha sokoni: bei, rangi, saizi na kukataa. Aliyekuwepo wa kutafsiri ni nani? Ni wewe, mgonjwa! Daktari akaongea, akaongea, akahesabu vidole, akagusa kifua chake, akaongea tena, pengine dakika tatu nzima. Nikakugeukia. Ukasema, "Anasema nina uchovu kidogo."

Mimi ni mfanyabiashara, Raya. Miaka yote hii nimezoea watu wanaotafsiri. Muuzaji akiongea dakika tatu na mkalimani akaniletea maneno manne, najua kuna kitu kimebaki njiani. Sikuwa na maneno ya hospitali, basi nikatumia niliyonayo. Nikapiga meza, nikamwambia daktari kama ninavyomwambia laobani akinipunjia vipande, "Tai shao! Tai shao!" Kidogo mno, kidogo mno! Nikakuonyesha wewe kwa kidole, nikasema, "Bu xing!" Haikubaliki hii! Kisha nikaonyesha vidole vitatu, nikimaanisha zile dakika zangu tatu, nazitaka zote.

Yule daktari akabaki na kikombe hewani. Na wewe ukacheka. Baada ya miezi mingapi sijui, ulicheka mpaka ukaweka kichwa mezani. Na kicheko kikageuka, ukalia, na katikati ya kulia ukaanza kunitafsiria upya, neno kwa neno, yote. Kwamba ni ugonjwa kama magonjwa mengine na una jina. Kwamba si uvivu. Kwamba hukuwa unataka kufa, lakini kuna asubuhi ulikuwa huoni tofauti. Ulinitafsiria hata hilo, unamtazama daktari, hunitazami mimi, na mkono wako uko mkononi mwangu umelowa.

Hakuna mzigo niliowahi kuupokea mzito kama huo, na hakuna niliowahi kuushukuru kiasi hicho. Kwa sababu ulikuwa umefika wote.

Yaliyofuata unayajua. Dawa, yule mshauri wako wa kila Jumatano, matembezi kando ya mto nikikukokota na wewe ukinilaani kwa Kikantoni, Kichina cha watu wa hapa, ukidhani sielewi. (Naelewa matusi yote. Nimefanya kazi Shahe.) Ukaanza kula, ukaanza kunijibu vibaya, ukaanza kunisema kuhusu nguo zangu, nami nikajua mwanangu anarudi. Na ni wewe uliyeanza kuniuliza, "Mama, yule Baba Katoni mbona anapita kila siku na gundi? Sisi tuna katoni gani?" Ukanifungua mimi sasa! Nilikana. Ukauliza mara ya pili.

Lakini ngoja nirudi nyuma zaidi, kwa sababu nimejiuliza ulijifunza wapi kufungulia bomba, na jibu silipendi.

Baba yako alipotuacha akaenda kuoa Dubai, wewe ulikuwa na miaka kumi. Mimi mwaka mzima sikumwambia mtu nyumbani. Niliona aibu. Nilikuwa nimeolewa kwa shangwe, nimepelekwa China kwa shangwe, nitaanzia wapi? Basi kila wikendi nilipiga picha ya kutuma kwa bibi yako, na kabla ya kupiga nilichukua lile koti la baba yako alilolisahau, nikalitundika kwenye kiti nyuma yangu, ionekane mwenye nyumba yupo. Baadaye hata sikuwa nalichukua mwenyewe. Nikishika simu tu, ulikuwa unakwenda kabatini unarudi nalo. "Mama, koti." Kimya kimya, bila kuulizwa. Unalinyoosha mabega vizuri likae kama la mtu.

Ulijifunzia hapo, mwanangu. Nilidhani nakukinga, kumbe nilikuwa nakufundisha kazi.

Lile koti nililitupa kabla ya harusi. Athman alitaka kuligawa kwa sababu hawezi kuona kitu kizima kinatupwa. Nikamwambia hili liache.

Sasa uko Dar, na najua kuna jambo jingine unaloliogopa, maana ulinitajia mara moja ukafanya mzaha. Hapa kwenye treni watu wanakugusa nywele na kukuuliza unatoka wapi, nawe unawajibu kwa Kikantoni kizuri kuliko chao. Kule Dar tulipoenda likizo, binamu zako walikuita Mchina kwa sababu unakunywa maji ya moto mchana wa jua kali na unachuchumaa ukisubiri basi. Ulipokuwa na miaka kumi na tano uliniuliza, "Mama, mimi wa wapi?" Nilikuwa nahesabu soksi za jumla, nikakujibu bila kuinua uso, "Wewe Mtanzania, basi." Lile "basi" lilifunga mlango, na ulikuwa umeuliza swali zuri kabisa.

Ungeniuliza leo ningekwambia sijui vizuri. Mimi mwenyewe nikienda Magomeni nawagombeza wauza nyanya kwa Kichina nikisahau. Nadhani mtu hahitaji kulijibu hilo swali kabla ya kuanza kuishi. Kunywa maji yako ya moto. Chuchumaa. Kiswahili chako kikikwama mahali, kikwame, wakicheka cheka nao, na wasipoacha waambie mama yako alimpigia daktari meza kwa maneno mawili na akaeleweka. Utabadilika huko, na utakachokuwa sikijui, wala hukijui, na hilo linanifurahisha zaidi kuliko linavyonitisha. Mimi nilidhani nimeshamaliza kuwa nitakavyokuwa. Nikafika arobaini na tatu nikapakwa hina na binti yangu.

Kitu kingine. Nimemwambia bibi yako. Usikasirike, uliniruhusu, ila ulisema nichague siku, nami nimechagua jana. Nilizunguka sana, nikaanza na hali ya hewa. Akanikatiza.

"Wewe Zainabu, sema. Mtoto ana nini?"

Nikamweleza yote. Akauliza, "Kwa hiyo ni kichaa?"

"Hapana, mama. Ni ugonjwa wa kuzama moyo. Ana dawa, anaendelea vizuri, ila zipo siku."

Nikasikia anasogeza kiti. "Basi ni kama mimi nilipokuzaa wewe. Nilikaa nyuma ya mlango wa chumba miezi mitatu. Wewe unalia, mimi naangalia mlango. Mama mkwe akasema nadeka."

"Hujawahi kuniambia, mama."

"Nani aliniuliza?" Halafu, kwa sauti yake ile ya kufunga mjadala, "Aje. Hayo maji yake ya moto nitamchemshia. Na nyuma ya mlango akitaka kukaa akae, nitampelekea mkeka, tena nitakaa naye."

Nimelia, Raya, lakini kilio kizuri. Wanawake watatu wa mstari mmoja. Bibi alikaa nyuma ya mlango, mimi nikatundika koti, wewe ukafungulia bomba, na kila mmoja aliijua kazi yake bila mwenzake kujua.

Nimesikia funguo zako chini, yule mlinzi anakuuliza mbona umenunua mikate mingi hivyo, nawe unamjibu kitu kinamchekesha. Athman ameanza kupakua. Inabidi nimalize, nifungue katoni namba mbili, niiweke hii chini ya mashuka, naye aifunge tena. Ameshaapa hataisoma. Ameomba tu niandike kwamba la kumi na mbili hakuwa anatania.

Basi nisikilize. Mimi nimefurahi mno, kweli. Sitajificha kwa hilo, nimelisubiri muda mrefu. Utanipigia na utanisikia nacheka, na nyuma yangu utasikia mtu anaimba vibaya, na utafikiri, hapa nisiingie, nitaharibu. Ingia. Furaha hii si kikombe cha kioo. Imeanzia kwako, siku ile nilipotamani treni ifike haraka. Mwanaume huyu nilimpenda kwa sababu alinirudisha kitandani kwako na viatu vyangu. Ukiisogelea na uso wako uliolowa, haitavunjika. Inakujua tangu zamani.

Nami nitatimiza upande wangu. Nikikuuliza hujambo, nitauliza mara ya pili, na utanichoka. Ndiyo maana barua imekaa ilipokaa. Umeondoa chokoleti, umeondoa mashuka, umefika. Umeona si kazi ngumu, ila inahitaji mtu asiridhike na ya juu.

Na yangu ya katikati ni hii, nisije nikakudai yako nikaficha yangu: naogopa. Naogopa kesho uwanja wa ndege, naogopa Jumapili ya kwanza nyumba hii ikiwa kimya bafuni. Nitapika wali wa watu watatu kwa mazoea. Athman anajua, ameniona nikikunja fulana yako moja mara nne. Naogopa na nimefurahi, vyote viwili, siku moja, mtu mmoja.

Unaita mlangoni, mikono imejaa mikate. Nakuja kukufungulia.

Nipigie, Raya. Ukinikuta nacheka, nikatize.

Mama yako,
Zainabu, mke wa Baba Katoni